Shajara ya Mradi: Maporomoko ya Materuni kwa Rangi za Mafuta

Januari, juma la kwanza

Kazi hii imeanza kwa ombi la mama yangu mdogo, aliyezaliwa na kukulia Uru, ambaye kwa miaka mitatu sasa magoti hayamruhusu tena kuteremka njia ya kwenda kwenye maporomoko ya Materuni. Hakuomba picha ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, ambayo ni nadra kuikosa katika sebule za Moshi, ikiwa si ya kuchorwa basi ya kalenda. Aliniambia, “Mwanangu, nichoree maji yetu, nikikaa kwenye kiti changu niyaone yanavyoanguka.” Kabla sijaaga nilipima kwa hatua umbali kutoka kwenye kiti hicho hadi kwenye ukuta utakaobeba picha, nikapata mita tatu kasoro kidogo. Kipimo hicho nimekiandika mwanzoni mwa daftari kwa makusudi, kwa kuwa picha ya kutazamwa kutoka mita tatu hutengenezwa tofauti na picha ya kushikwa mkononi.

Ugumu ninaouona mbele yangu ni kina. Nilijifunza kupaka rangi katika karakana moja ya Arusha, kwa mtindo wa Tingatinga, ule ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1968 na Edward Saidi Tingatinga, aliyetumia rangi za mafuta zinazong’aa, zile za kupakia vitu vya nyumbani na baiskeli, juu ya vipande vya ubao mgumu. Katika mtindo huo mnyama au ndege hutandazwa mbele ya rangi moja, mstari wake ukiwa wazi pande zote, na jicho la mtazamaji huzunguka juu ya picha bila kutakiwa kuingia ndani yake. Ninauheshimu mtindo huo na bado ndio unaonilisha. Lakini mama mdogo anataka kuingia. Anataka akanyage mawe ya mbele, avuke bwawa, apite kwenye manyunyu, kisha ayakute maji kule mwisho, na kwa safari hiyo mkono wangu unapaswa kujifunza upya.

Nimeamua picha iwe ya wima, sentimita 120 kwa 80. Maporomoko ya Materuni yana urefu wa takriban mita 80 na maji yake huanguka kwa mkupuo mmoja, hivyo picha ya kulala ingeyabana na kuyafanya yaonekane kama mfereji unaovuja.

Januari, juma la pili

Nimekwenda Materuni, umbali wa kilomita zipatazo 15 kutoka Moshi mjini, nikiwa na daftari, vijiti vya mkaa na simu. Njia inapita katikati ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, migomba ikiwa juu na mibuni chini yake, halafu inaingia kwenye korongo ambamo hewa hubadilika ghafla, ikawa ya baridi na yenye unyevu. Nilikaa chini ya maporomoko kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, na nimechora mara kumi na moja.

Jambo la kwanza nililoliandika ni kwamba ukiwa pale chini huuoni mlima. Ukuta wa mwamba umesimama karibu mno na umeufunika. Wachoraji wenzangu wengi huweka kilele cha Kibo nyuma ya kila maporomoko, kwa kuwa wateja wanakipenda na kwa kuwa kilele cha mbali ni njia rahisi ya kuleta kina. Mimi sitakiweka. Mtu aliyechota maji pale tangu utotoni akioneshwa Kibo mahali ambapo hakionekani, atajua papo hapo kwamba mchoraji hakufika.

Uamuzi huo una gharama yake. Bila mlima, kina chote cha picha hii kitapatikana ndani ya hatua zipatazo mia moja: karibu kabisa kuna jiwe lililolowa na majani ya kangaga yanayogusa goti langu, katikati kuna bwawa na mawe yaliyotapakaa, mwisho kuna ukuta na maji. Nimekaa kitako nikafanya hesabu. Nikiyapa maji sentimita 64 katika picha, kila sentimita itasimama badala ya mita 1.25, hivyo mtu mwenye kimo cha mita 1.6 akisimama pale maji yanapopiga atakuwa na urefu wa sentimita 1.3, sawa na punje ya harage. Mtu huyohuyo akirudi nyuma hadi nusu ya umbali uliopo kati yangu na maji, ataonekana mkubwa maradufu, yaani sentimita 2.6. Na jani la kangaga lililo gotini pangu linaweza kuchukua sentimita 25 bila kutia chumvi yoyote. Hesabu hizi tatu, punje ya harage, mtu wa sentimita 2.6 na jani la sentimita 25, ndizo zitakazoshika picha yote.

Kisha niliyatazama maji yenyewe, si kwa kuyachora bali kwa kuyafuata kwa macho. Ukichagua fungu moja la maji pale linapoachana na ukingo wa juu, ukashuka nalo bila kupepesa, utahesabu kati ya sekunde nne na tano kabla halijazama kwenye manyunyu ya chini. Fungu hilo halishuki kama uzi. Lina kichwa kizito kinachotangulia chini, na mkia unaochanika na kubaki nyuma juu yake, na mafungu ya namna hiyo hufuatana, mengine yakiyapita mengine. Nimeyachora hayo kwenye ukurasa mzima, nikiamini kwamba yatanifaa, ingawa bado sijui yataingiaje kwenye brashi.

Januari, mwishoni

Nimetumia kitambaa cha merikani, kile kizito, nilichokichemsha kwanza ili kisije kikanywea baadaye. Kukitandaza kwenye fremu ni kazi ya watu wawili: unaanza katikati ya kila upande, unavuta kwa koleo, unapiga pini, unahamia upande unaotazamana nao, kisha ndipo unaelekea kwenye pembe. Fremu ya kwanza niliyotengenezewa ilikuwa ya mbao mbichi, na baada ya siku nne pembe moja ilikuwa imeinuka sentimita mbili kutoka mezani. Nililazimika kung’oa kila kitu na kuanza tena kwa mbao za msaipresi zilizokauka, nikiongeza mhimili mmoja katikati. Juu ya kitambaa nimepaka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, halafu tabaka tatu za gundi, chokaa laini na rangi nyeupe, nikipiga msasa mwepesi kila baada ya tabaka kukauka.

Februari, juma la kwanza

Sijagusa kitambaa bado. Kila asubuhi juma hili nimekuwa nikipanda juu ya paa la nyumba kabla ya saa kumi na mbili na nusu, wakati mlima uko wazi, kwa kuwa ikifika saa tatu mara nyingi wingu huwa limekwisha kuushika. Nilitaka kujifunza umbali kutoka kwa mwalimu mkubwa kabla ya kuutafuta kwenye korongo dogo. Unapoutazama mlima kutoka Moshi ukiwa umekunja macho hadi kope zikaribie kugusana, vitu vidogo hupotea na unabaki na mabaka machache: mgomba wa jirani ukiwa karibu mweusi upande wa kivulini na wa njano upande wa jua, vihamba vya mbali vikiwa kijani kilichofifia, msitu ukiwa utepe mmoja wa buluu ya kijivu usio na mti hata mmoja unaoweza kuutofautisha, na barafu ya Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ikiwa nyeupe yenye uwaridi kidogo.

Nimechanganya rangi za kijivu za ngazi saba kwenye kipande cha karatasi ngumu, ngazi ya 1 ikiwa giza kabisa na ya 7 ikiwa nyeupe, kisha nikakitoboa kila ngazi tundu dogo ili niweze kukishika mbele ya jicho na kulinganisha. Matokeo yamenishangaza kwa jinsi yalivyo wazi. Mgomba wa karibu unatumia ngazi zote, kuanzia 1 hadi karibu 7. Vihamba vya mbali vinatumia 3 hadi 5 tu. Msitu wote, ambao ukiwa ndani yake una giza la kutisha na mianga inayoumiza macho, kutoka kwenye paa langu unaishi kati ya ngazi ya 4 na ya 5 tu. Kwa hiyo umbali hauondoi rangi pekee. Unaondoa giza kwanza, kisha mwanga, hadi vyote viwili vikutane katikati. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba ili kitu kiende mbali inatakiwa nikiongezee kitu fulani, buluu kwa mfano, na sasa ninaona kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kukinyima.

Rangi nitakazotumia ni sita: nyeupe ya titani, buluu ya ultramarini, njano ya limau, oka (njano ya udongo), siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu) na nyekundu ya alizarini. Nyeusi sitaiweka mezani. Ultramarini na siena iliyochomwa zikikutana hutoa giza zito, na ukizidisha moja kati yake giza hilo huwa na joto au ubaridi upendavyo, jambo ambalo nyeusi ya kopo haiwezi kulifanya.

Februari, juma la pili

Tabaka la kwanza nimelipaka kwa akriliki, rangi inayochanganywa na maji, ambayo hukauka ndani ya nusu saa na inaruhusu rangi ya mafuta kupakwa juu yake. Kinyume chake hakifai, kwani akriliki haishiki vizuri juu ya mafuta. Nimeanza kwa kukifunika kitambaa chote kwa siena iliyochomwa na maji mengi, ili weupe wa kitambaa usinidanganye kuhusu mwanga, kisha nikaweka mabaka makubwa ya giza na mwanga bila kuchora jani wala jiwe lolote. Nilipofika kwenye ukuta wa mwamba nilifanya kama nilivyofundishwa na kama nilivyoona kutoka juu ya paa: nikaufifisha na kuutia buluu. Nilipoupiga picha kwa simu na kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe, ngazi zote zilikuwa sahihi. Nililala nikiwa nimeridhika.

Februari, juma la tatu

Mama mdogo alikuja mjini kliniki, akapita kwangu. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi kwenye kiti nilichokiweka mita tatu kutoka kwenye picha, akanyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Kisha akasema, “Mwanangu, hii si Materuni. Huu ni mlima wa Upare.”

Nilitoka nje, nikarudi, nikatazama tena, na alikuwa amesema kweli. Kutoka Moshi, asubuhi isiyo na vumbi, milima ya Upare huonekana upande wa kusini mashariki ikiwa ya buluu, na ukuta wangu ulikuwa na buluu ileile. Uliacha kuwa ukuta wa hatua mia moja ukawa mlima wa kilomita nyingi, na maji yaliyokuwa yakishuka juu yake, kwa kufuata kipimo hicho, yalikuwa makubwa kuliko maporomoko yoyote duniani. Jicho lake halikuhitaji hesabu kuligundua hilo.

Nimeutumia usiku mzima kulifikiria jambo hili, na jibu lake liko kwenye chanzo cha buluu yenyewe. Kwamba vitu vya mbali huwa vya buluu ni jambo la kale. Leonardo da Vinci aliliandikia zaidi ya miaka 500 iliyopita. Lakini buluu hiyo ni kazi ya hewa. Chembe za hewa ni ndogo mno, na chembe ndogo namna hiyo hutawanya mwanga wa buluu kwa nguvu zaidi kuliko mwekundu, ndiyo maana anga ni buluu na ndiyo maana Upare ni buluu. Ili hewa ifanye kazi hiyo inahitaji kilomita, na katika korongo la Materuni hakuna kilomita. Kinachosimama kati yangu na ukuta ule ni manyunyu, na matone ya manyunyu, hata yale yasiyoonekana moja moja, ni makubwa sana yakilinganishwa na chembe za hewa. Matone hayo hutawanya rangi zote karibu sawasawa, na mwanga uliotawanywa sawasawa ni mweupe. Kwa hiyo ukuta wa Materuni unapaswa kufifia kuelekea weupe na kijivu, si kuelekea buluu. Ngazi zangu za mwanga zilikuwa sahihi, na rangi ilikuwa ya mahali pengine.

Februari, juma la nne

Nimerudi Materuni kuhakikisha. Nilikata tundu la mraba kwenye karatasi nyeupe, nikaushika ukuta ndani ya tundu hilo, sehemu baada ya sehemu, na kuchanganya rangi palepale hadi ifanane. Juu kabisa, karibu na ukingo, ambako manyunyu hayafiki, mwamba una giza la kahawia lenye kijani cha kigoga (mimea midogo inayofunika mwamba), ngazi ya 2. Katikati ni kijivu chenye joto, ngazi ya 4. Chini, mita chache juu ya bwawa, mwamba huohuo na kigoga hichohicho umekuwa ngazi ya 6, na kati yake na maji hakuna mpaka wowote unaoweza kuuonesha kwa kidole. Kumbe umbali katika korongo hili haupimwi kwa kwenda mbele tu. Unapimwa pia kwa kushuka. Kadiri jicho linavyoshuka ukutani ndivyo linavyopita kwenye manyunyu mengi zaidi.

Hilo limenitatulia swali ambalo sikuwa nimethubutu kuliandika humu. Maji ndiyo kitu cha mbali kuliko vyote katika picha hii, na ndiyo meupe kuliko vyote, na kwa kawaida kitu cheupe huja mbele. Nilikuwa sijui nitayazuiaje yasiruke nje ya kitambaa. Sasa ninajua kwamba yatabaki nyuma kwa sababu ya kingo zake: juu, pale yanapoachana na mwamba wenye giza, ukingo utakuwa mkali kwa urefu wa kiganja kimoja, kuanzia hapo utalainika, na theluthi ya chini maji na ukuta vitayeyukiana. Ukali wote uliobaki utakwenda kwa majani ya kangaga na jiwe la mbele.

Machi, juma la kwanza na la pili

Nimeanza rangi za mafuta. Ukuta nimeurudia wote. Mchanganyiko uliofanya kazi ni nyeupe, oka kidogo na tone la ile giza ya ultramarini na siena, kisha nikiwa bado na rangi mbichi nimepitisha brashi pana iliyo kavu kutoka kwenye maji kwenda nje, kwa mkono mwepesi kabisa, hadi mabaka yapoteze mipaka. Nimefuata kanuni ya kuongeza mafuta ya kitani kadiri matabaka yanavyopanda: la chini limechanganywa na tapentaini zaidi, la juu mafuta zaidi. Tabaka lenye mafuta mengi hukauka polepole, na likiwekwa chini litaendelea kusogea wakati lile la juu limekwisha kukakamaa, nalo litapasuka.

Maji nimeyapaka kwa siku mbili, kwa mistari mirefu ya kijivu na nyeupe kutoka juu hadi chini. Nimeyafuta yote leo kwa kitambaa. Nilimtumia mama mdogo picha kwa simu, akajibu kwa sauti, kwa upole wake wote, kwamba maji ni mazuri lakini yamening’inia kama pazia la mlangoni.

Machi, juma la tatu

Nimefungua ule ukurasa wa Januari wenye mafungu ya maji. Makosa yalikuwa kwenye mwendo wa mkono. Brashi inapogusa kitambaa huacha rangi nyingi na ukingo mkali mwanzoni, na inapoondoka huacha rangi chache na mkia uliochanika. Nilipokuwa nikipaka kutoka juu kwenda chini, kama maji yanavyoanguka, kichwa cha kila fungu kilikuwa juu na mkia chini, yaani kinyume kabisa cha nilichokiona. Macho yalikuwa yakisoma maji yanayopanda, au yaliyosimama.

Kwa hiyo nimeugeuza mkono. Brashi bapa ya sentimita mbili inagusa chini, inasukuma kidogo ili rangi itue, kisha inapanda na kunyanyuka kabla haijasimama. Kila mguso una urefu wa sentimita tatu hadi tano, hakuna mguso unaolingana na jirani yake, na mapengo kati yake yanaonesha kijivu cha ukuta kwa nyuma. Juu, karibu na ukingo, migusano ni mizito na imekaribiana. Kadiri inavyoshuka inatawanyika, hadi theluthi ya chini nimeacha brashi kabisa na kutumia kipande cha sponji kilichokamuliwa. Nilipomaliza upande wa kushoto nilirudi nyuma hadi kwenye kiti cha mita tatu na, kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze, jicho langu lilishuka lenyewe.

Rangi ya maji nayo imebadilika. Sehemu kubwa ni ngazi ya 5 na 6, kijivu chenye ubaridi, kwa kuwa jua halifiki kwenye maji yote kwa pamoja. Nyeupe ya titani isiyochanganywa na kitu, isipokuwa ncha ya sindano ya oka, nimeiweka mahali pamoja tu, upande wa kulia chini kidogo ya ukingo, kwenye eneo lisilozidi upana wa vidole vitatu. Nilijaribu kuiweka na pahala pengine pawili, nikaiondoa. Ikiwa peke yake inawaka. Ikiwa na wenzake inakuwa chokaa.

Machi, mwishoni

Mvua za masika zimeanza, na kwa baridi na unyevu huu rangi ya mafuta iliyokuwa ikikauka kwa siku tatu sasa inachukua sita. Nimeitumia nafasi hiyo kufanya bwawa, kazi ambayo haikunipa taabu: migusano ya ulalo, mipana mbele na myembamba kadiri inavyokaribia ukuta, na vivuli vya mawe vikishuka wima.

Aprili, juma la kwanza

Mbele ya picha ndipo nilipojiruhusu kila kitu nilichojinyima nyuma. Jiwe la kushoto lina ngazi zote saba. Upande wake wa kivulini nimetumia giza tupu la ultramarini na siena, upande wa juu nimetumia oka nzito iliyowekwa kwa kisu, na mahali jiwe linapokutana na maji nimeacha mstari mmoja mwembamba wa mwanga. Majani ya kangaga ni matano tu. Jani kubwa, la sentimita 25, limepita mbele ya bwawa na ncha yake imefunika sehemu ya mwisho ya ukuta, kwa sababu kitu kinachofunika kingine ndicho kithibitisho cha umbali ambacho hata mtoto hawezi kukipinga. Nimelipa njano ya limau mahali jua linapolipenya na kijani chenye wekundu upande uliogeuka, na nimechora vijani vyake kimoja kimoja hadi katikati ya jani, kisha nikaacha, maana nilipovimaliza vyote jicho lilikwama pale na kukataa kuvuka bwawa.

Kuhusu mtu. Nilimuuliza mama mdogo nimweke nani, akasema nimweke msichana mwenye ndoo, na asiwe anatutazama. Amesimama kwenye jiwe la katikati, sentimita 2.6 kama hesabu ilivyosema, kwa migusano saba ya brashi ndogo: kichwa, khanga kwa migusano mitatu, mikono miwili na ndoo. Khanga yake ndiyo nyekundu pekee katika picha, alizarini iliyotulizwa kwa kijivu kidogo. Nilipoiweka ikiwa safi, msichana aliruka mbele hadi karibu na kangaga. Nilipoituliza, alirudi kwenye jiwe lake.

Aprili, juma la tatu

Picha imepelekwa Uru ikiwa imefungwa shuka na kusimamishwa nyuma ya viti vya gari la kukodi. Tumeitundika kwa misumari miwili badala ya mmoja ili isipinde, na tumeshusha sentimita kumi kutoka mahali nilipopakusudia, kwa sababu mama mdogo huitazama akiwa ameketi na nilitaka bwawa liwe usawa wa macho yake. Dirisha liko kushoto, upande uleule ambao jiwe langu linapata mwanga. Hilo sikulipanga, na nimefurahi.

Aliketi. Baada ya muda aliniuliza kama yule msichana anakwenda kuchota au anarudi. Nilimwambia nilimchora akienda. Akasema, “Hapana, ndoo imeshajaa, tazama bega lake,” na nilipotazama niliona kwamba mguso wa bega la kulia ulikuwa umeshuka chini ya ule wa kushoto, bila mimi kukusudia. Sitaurekebisha.

Rangi iliyo nene kwenye jiwe bado ni laini ukiibonyeza kwa kucha. Vanishi itasubiri miezi sita, hadi Oktoba, na nimemwomba mama mdogo asiruhusu mtu kuipangusa picha kwa kitambaa chenye maji kabla ya hapo, bali kwa unyoya mkavu wa kuku tu.